Taima Iliyolia Ndani ya Kumbukumbu Iliyokwisha Kuachiliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Kusaka Hitilafu ya Kerneli

Muktadha

Kisa hiki kinahusu timu ndogo ya wahandisi waliokuwa wakitunza kiendeshi cha kadi ya mtandao kwa ajili ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia maunzi na kumbukumbu. Kiendeshi hicho kiliishi nje ya msimbo mkuu wa kerneli, kikijengwa peke yake na kupakiwa kama moduli. Majina ya kampuni, kadi na wateja yameondolewa, na funksheni za kiendeshi hazitajwi kwa majina. Funksheni na zana za kerneli yenyewe zimeachwa kama zilivyo, kwa kuwa bila hizo hakuna cha kujifunza. Seva zilizohusika zilikuwa za x86 ya biti 64, zikiendesha kerneli ya tawi la 5.15.

Sehemu ya kiendeshi inayotuhusu ni ndogo. Kwa kila mlango wa kadi, kiendeshi kilitenga muundo mmoja wa data kwa kzalloc, funksheni ya kuomba kumbukumbu ya kerneli, na ndani ya muundo huo kulikuwa na vitu viwili vinavyotegemeana. Cha kwanza kilikuwa taima iliyolia kila sekunde moja kukagua kama kiungo cha mtandao kiko hai; cha pili kilikuwa kazi ya foleni, iliyoamshwa na taima pale ukaguzi ulipoonyesha shida. Mgawanyo huo una sababu yake: funksheni ya taima katika Linux huendeshwa ndani ya kikatizo laini, ambamo msimbo hauruhusiwi kulala, yaani kusitishwa ukisubiri kitu, ilhali kurekebisha kiungo kunahitaji kusubiri kadi ijibu. Kwa hiyo taima iliikabidhi foleni shughuli hiyo, nayo ikaendeshwa na uzi wa kerneli unaoweza kulala bila madhara. Ukaguzi ukiwa salama, taima ilijitega yenyewe tena; ukiwa na shida, kazi ya foleni ndiyo iliyoitega taima upya kwa mod_timer katika mstari wake wa mwisho, baada ya kumaliza kurekebisha.

Mlango ulipofungwa, kiendeshi kilifanya mambo matatu kwa mpangilio huu, yaani kutegua taima, kughairi kazi ya foleni na kusubiri iishe, kisha kuachilia kumbukumbu:

    del_timer_sync(&p->timer);
    cancel_work_sync(&p->work);
    kfree(p);

Msomaji mzoefu huenda ameshaliona tatizo. Timu haikuliona kwa muda mrefu, wala hilo halishangazi: kila mstari, ukisomwa peke yake, hufanya kile hasa ambacho nyaraka za kerneli zinaahidi, na mpangilio wenyewe unafanana na ule wa viendeshi vingi ambavyo havina kasoro yoyote.

Dalili na uamuzi wa kwanza

Seva za majaribio zilianza kuanguka mara mojamoja, bila mpangilio, wakati wa jaribio lililopakia na kuondoa kiendeshi huku viungo vya mtandao vikikatwa na kurudishwa kwa makusudi. Ripoti chache zilizookolewa zilionyesha mahali tofauti kila mara: moja ndani ya mfumo wa faili, nyingine katika msimbo wa soketi, nyingine katika funksheni za taima za kerneli. Hakuna hata moja iliyokitaja kiendeshi katika mfuatano wa miito, yaani orodha ya funksheni zilizoitana hadi mahali pa anguko.

Logi za diskini hazikusaidia, maana kerneli inayoanguka ikiwa ndani ya kikatizo haipati nafasi ya kumwaga maandishi yake kwenye faili. Timu iliamua kwamba kabla ya kubuni nadharia yoyote, kila seva ya majaribio iunganishwe konsoli ya mlango wa siriali na iwekewe kdump. Kdump iliingia katika Linux toleo la 2.6.13 mwaka 2005; hutenga sehemu ya kumbukumbu mapema kwa kigezo cha crashkernel= na, kerneli ikianguka, huruka kwenda kerneli ya pili iliyokuwa ikingoja ndani ya sehemu hiyo. Hiyo ya pili ndiyo inayonakili kumbukumbu ya marehemu ili ichunguzwe kwa zana ya crash. Uamuzi huu ulikuwa sahihi, ingawa ulichelewa kuzaa matunda kwa sababu ya kuudhi: mtambo wa kujenga programu ulikuwa ukitupa vmlinux, faili ya kerneli yenye taarifa za utatuzi, mara tu baada ya ujenzi, na bila vmlinux ya ujenzi uleule wenyewe, crash haiwezi kuisoma nakala wala decode_stacktrace.sh haiwezi kugeuza anwani kuwa mistari ya msimbo.

Dhana kwamba vipande vya RAM vilikuwa vibovu iliondolewa upesi, kwa kuwa anguko lilitokea katika seva kadhaa zenye kiendeshi na halikutokea katika zile zisizo nacho.

Inafaa kueleza hapa kwa nini ripoti zilitofautiana, kwa sababu ndipo penye ugumu wote wa kisa. Taima za kerneli hupangwa katika ndoo, na kila ndoo ni orodha iliyounganishwa kwa vielekezi, yaani anwani za kumbukumbu, vinavyokaa ndani ya miundo yenye taima hizo. Muundo ukiachiliwa huku taima yake bado imetegwa, orodha inaendelea kupita ndani ya kumbukumbu ambayo sasa ni mali ya mtu mwingine. Taima nyingine isiyo na hatia ikiongezwa mwanzoni mwa ndoo hiyohiyo, kerneli huandika kielekezi ndani ya taima iliyokuwa ya kwanza, yaani ndani ya muundo uliokwisha kuachiliwa. Kama kumbukumbu hiyo imeshapewa soketi, soketi ndiyo inayoharibika. Kama imepewa mfumo wa faili, ni mfumo wa faili. Mahali kerneli inapoanguka ni mahali uharibifu ulipogunduliwa, na katika hitilafu za aina hii hapo huwa mbali kabisa na palipofanyika.

printk, na hitilafu iliyojificha

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kawaida: mistari ya printk, funksheni inayoandika ujumbe kwenye logi na konsoli ya kerneli, iliongezwa mwanzoni mwa kila funksheni ya kiendeshi, ukiwemo mstari uliotangaza kwamba mlango unaanza kufungwa. Hitilafu ikatoweka. Mistari ilipoondolewa, ikarudi.

Wahandisi wengi huishia kusema kwamba printk hubadilisha mwendo wa wakati, wakaliacha hapo. Hesabu hufundisha zaidi. Mlango wa siriali wa kasi ya baudi 115200 hupitisha takriban herufi 11,520 kwa sekunde, kwa hiyo mstari wa herufi 80 huchukua karibu milisekunde 7. Kwa prosesa ya kisasa huo ni muda mrefu mno, na ulikuwa mrefu kuliko muda ambao kazi ya foleni ilihitaji kumaliza. Mstari wa printk ulikuwa umewekwa kabla tu ya del_timer_sync. Kama kazi ilikuwa katikati ya shughuli yake, ilipata milisekunde 7 za kumaliza na kutega taima, ndipo del_timer_sync ilipofika na kuitegua taima hiyo ipasavyo. Chombo cha uchunguzi kiliuziba mwanya uleule kilichotumwa kuuchunguza.

Kutoweka huko kulikuwa ushahidi tosha. Kama timu ingeuliza ni mstari upi hasa unaoficha hitilafu, na kuiondoa mmojammoja, ingebaki na mstari mmoja, uliosimama mbele ya del_timer_sync, na msako ungefupika sana. Badala yake mistari yote ilifutwa kwa pamoja na njia nzima ikahesabiwa kuwa imeshindwa.

Jaribio la KGDB, kitatuzi cha kerneli, lilikuwa fupi. KGDB, iliyoingia katika kerneli toleo la 2.6.26 mwaka 2008 baada ya miaka mingi ya Linus Torvalds kuupinga wazi utamaduni wa kutumia vitatuzi ndani ya kerneli, husimamisha prosesa zote inapogonga kituo cha kusimama. Kwa kosa la mantiki linalojirudia kila mara, hiyo ni neema. Kwa kosa linalozaliwa na prosesa mbili kupishana kwa sehemu ndogo ya sekunde, kusimamisha prosesa zote kunaondoa jambo lenyewe. Hapa sina la kuilaumu timu zaidi ya kwamba iliijaribu.

Utafutaji wa badiliko kwa git bisect

Kwa kuwa matoleo ya zamani ya kiendeshi hayakuwa na malalamiko, timu iliamua kutafuta kwa git bisect, inayoigawa historia ya msimbo nusu kwa nusu na kujaribu toleo la katikati, badiliko lililoleta shida. Matokeo yalilenga badiliko lililoongeza tu vihesabu vichache vya takwimu ndani ya muundo wa mlango, na hilo lilionekana kuwa upuuzi, hivyo matokeo yakatupwa.

Kulikuwa na mambo mawili ndani ya matokeo hayo. Kwanza, hukumu ya kwamba toleo fulani ni salama ilitolewa baada ya kurudia jaribio mara chache mno. Tuseme hitilafu hujitokeza mara moja katika majaribio kumi. Toleo bovu lina uwezekano wa karibu asilimia 35 wa kupita majaribio kumi mfululizo bila kuanguka, na inabidi kurudia mara 29 ili uwezekano huo ushuke chini ya asilimia 5. Hukumu moja ya uongo katikati ya bisect hupeleka hatua zote zinazofuata upande usio na kitu.

Pili, na hili liligunduliwa baadaye kabisa, bisect haikuwa imekosea. Vihesabu vile viliufanya muundo uvuke baiti 512, hivyo ukahama kutoka hifadhi ya kmalloc-512 kwenda kmalloc-1k, ya vipande vya baiti 1024, na kwa kuhama huko wakabadilika majirani wanaorithi kumbukumbu yake baada ya kuachiliwa. Hitilafu ilikuwepo tangu awali; badiliko hilo liliifanya ionekane. Tofauti kati ya badiliko linalozaa kosa na badiliko linalolifunua ni ya kuzingatiwa kila bisect inapoleta jibu lisiloingia akilini.

Kutia sumu kumbukumbu

Zamu ya mambo kubadilika ilifika pale mmoja wa wahandisi alipopendekeza kuwasha seva kwa kigezo cha slub_debug=FZPU cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, ambacho hakihitaji kujenga kerneli upya ikiwa uwezo huo umejumuishwa tayari. Herufi P huagiza kwamba kila kumbukumbu inayoachiliwa ijazwe baiti za 0x6b. Tangu hapo maanguko yalikoma kutangatanga: yote yalitokea ndani ya msimbo unaoondoa taima kwenye ndoo yake, na rejista moja ilibeba thamani 0x6b6b6b6b6b6b6b6b.

Thamani hiyo ilimaanisha kwamba kerneli ilisoma kielekezi kutoka kwenye kumbukumbu iliyoachiliwa, kisha ikajaribu kuandika mahali kilipoelekeza. Kwa kuwa anwani hiyo si halali kwa x86 ya biti 64, anguko lilikuwa la papo hapo, kabla uharibifu haujamfikia mtu mwingine. Amri ya kmem ndani ya crash ilithibitisha kwamba anwani ya taima iko katika kmalloc-1k. Swali sasa lilikuwa limebadilika sura: kuna taima iliyotegwa ndani ya muundo ulioachiliwa, je, ni taima ya nani? Sumu yenyewe ilizuia jibu la moja kwa moja, kwani uga wenye anwani ya funksheni ya taima nao ulikuwa umejazwa 0x6b.

KASAN, ODEBUG na ftrace

Timu ilijenga kerneli yenye KASAN, chombo kilichoingia katika toleo la 4.0 mwaka 2015, ambacho hutunza baiti moja ya kivuli kwa kila baiti 8 za kumbukumbu na kumwachia kompaila apachike ukaguzi kabla ya kila kusoma na kuandika. Gharama yake ni kubwa: sehemu moja ya nane ya kumbukumbu huenda kwenye kivuli, na kerneli hupungua kasi waziwazi. Kasi ilipopungua, hitilafu ilizidi kuwa adimu, lakini hatimaye ripoti ilipatikana. Ilisema kwamba msimbo wa taima umegusa kumbukumbu iliyoachiliwa, ikaonyesha mfuatano wa miito wa mgusaji, wa aliyetenga, na wa aliyeachilia, ambao ulikuwa ule wa kufunga mlango wa kadi.

Kwa mara ya kwanza kiendeshi kilitajwa kwa jina. Hata hivyo mjadala uliibuka ndani ya timu. Mstari wa kwanza wa kufunga mlango ulikuwa del_timer_sync, na nyaraka zinasema kwamba funksheni hiyo ikirudi, taima haijategwa na funksheni yake haiendi kwenye prosesa yoyote. Baadhi waliamini kuwa kerneli yenyewe ina kosa. Chini ya ripoti ya KASAN kulikuwa na mfuatano wa nne, unaotajwa kama kazi ya mwisho inayoweza kuhusika, ulioonyesha kwamba kazi ya foleni iliyo ndani ya muundo uleule iliwekwa na taima. Hakuna aliyeusoma kwa makini siku hiyo; ripoti za KASAN ni ndefu, na jicho huchoka baada ya mfuatano wa tatu.

Ndipo zilipowashwa chaguo za CONFIG_DEBUG_OBJECTS_TIMERS, CONFIG_DEBUG_OBJECTS_WORK na CONFIG_DEBUG_OBJECTS_FREE. Mfumo huu uliingizwa na Thomas Gleixner katika toleo la 2.6.26, yaani umekuwepo tangu 2008. Hufuatilia maisha ya vitu kama taima na kazi za foleni: lini vimeandaliwa, lini vimetegwa, lini vimeteguliwa, na kila kumbukumbu inapoachiliwa hukagua kama ndani yake kuna kitu kilicho hai bado. Onyo lake lilitoka mapema katika jaribio, likianza na neno ODEBUG, likisema kwamba timer_list iliyo hai inaachiliwa, na likataja funksheni ya taima ya kiendeshi. Faida yake katika kisa hiki ilikuwa kubwa: onyo lilitoka wakati wa kfree, huku mtenda akiwa bado kwenye mfuatano wa miito, wala halikulazimika kungoja sekunde nzima ipite ili taima ilie. Zaidi ya hapo, ODEBUG ilijaribu kuitegua taima hiyo yenyewe, kwa hiyo seva ilibaki hai na jaribio likaendelea.

Lililobaki ni nani aliyeitega taima baada ya del_timer_sync kurudi. Kwa hilo timu ilitumia ftrace, ambayo huandika matukio katika bafa ya duara ya kila prosesa bila kugusa konsoli, kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na milisekunde 7 za siriali. Yaliwashwa matukio ya timer_start na timer_cancel, pamoja na yale ya kuanza na kumaliza kazi za foleni, na kichujio cha funksheni kikawekwa kwa del_timer_sync na cancel_work_sync. Maamuzi mawili madogo yalileta tofauti. La kwanza lilikuwa kuchagua saa ya global badala ya local, kwa sababu saa ya local haina dhamana ya kulingana kati ya prosesa na prosesa, na hapa mpangilio kati ya prosesa ndio uliokuwa ukitafutwa. La pili lilikuwa kuwasha traceoff_on_warning, inayosimamisha uandishi mara tu kerneli inapotoa onyo. Kwa kuwa ODEBUG hutoa onyo la aina hiyo, bafa iligandishwa ikiwa na matukio ya mwisho kabisa kabla ya kosa.

Bafa ilisomeka hivi. Katika prosesa moja, uzi wa foleni ulianza kazi ya kurekebisha kiungo. Katika prosesa nyingine, kufunga mlango kuliingia del_timer_sync. Hakuna tukio la timer_cancel lililofuata, kwa sababu taima ilikuwa imeshalia na haikuwa imetegwa, hivyo hakukuwa na cha kutegua. Kufunga kukaingia cancel_work_sync na kuanza kusubiri. Uzi wa foleni ukafikia mstari wake wa mwisho na tukio la timer_start likaandikwa; kazi ikaisha; cancel_work_sync ikarudi ikiwa imetimiza ahadi yake; kisha kfree, na onyo.

Marekebisho

Wazo la kwanza lilikuwa kubadilisha mpangilio: kazi isimamishwe kwanza, taima baadaye. Chaguo la CONFIG_DEBUG_OBJECTS_WORK lilikataa pendekezo hilo katika jaribio lilelile, kwa kuwa taima inaweza kulia kati ya mistari hiyo miwili na kuweka kazi mpya kwenye foleni, na sasa kinachoachiliwa kikiwa hai ni kazi. Wazo la pili, la kuita del_timer_sync mara mbili, kabla na baada ya cancel_work_sync, lilipita majaribio yote, na kulikuwa na shinikizo la kulikubali. Mhandisi mmoja alilipinga kwa hoja kwamba linategemea taima kutolia katikati. Sekunde moja ni ndefu, lakini hakuna anayeahidi kwamba uzi unaofunga mlango hautacheleweshwa kwa sekunde moja kwenye mashine iliyoelemewa. Hoja yake ilishinda.

Suluhisho lililochaguliwa lilikuwa bendera ya kufunga, ikilindwa na kufuli. Kufunga mlango huinua bendera kwanza. Taima na kazi, kila moja, huikagua ikiwa imeshika kufuli kabla ya kumwamsha mwenzake. Rasimu ya kwanza ilishika kufuli kwa spin_lock ya kawaida, na lockdep, chombo cha kukagua matumizi ya kufuli kilichomo kwenye kerneli tangu toleo la 2.6.18 la mwaka 2006, ikalalamika papo hapo: kufuli hilohilo hushikwa ndani ya kikatizo laini na pia nje yake huku vikatizo laini vikiwa vimeruhusiwa. Kama taima ingelia kwenye prosesa ileile ambayo kazi ya foleni imeshika kufuli, ingengoja milele. Mkwamo wenyewe haukuwahi kutokea. Lockdep iliubaini kwa kuona tu mazingira mawili ya matumizi. Rasimu ikabadilishwa kutumia spin_lock_bh, inayozuia vikatizo laini wakati kufuli limeshikwa.

Kwa ajili ya kuthibitisha, timu iliongeza chaguo la ujenzi linaloweka msleep, yaani usingizi wa makusudi, ndani ya kazi, kabla tu ya kutega taima. Kwa msimbo wa zamani, mwanya uliorefushwa hivyo ulileta onyo la ODEBUG karibu kila mara mlango ulipofungwa wakati kazi inaendelea. Kwa msimbo mpya hakukuwa na onyo.

Matokeo

Maanguko yalikoma katika seva za majaribio na hakuna ripoti mpya iliyopokelewa kutoka kwa watumiaji wa toleo lililorekebishwa. Kerneli ya majaribio sasa hujengwa ikiwa na chaguo za DEBUG_OBJECTS na lockdep kila wakati, na moduli hujengwa upya pamoja nayo, kwa sababu lockdep hubadilisha ukubwa wa miundo ya kerneli. KASAN huendeshwa katika seti ya pili ya mashine, yenye muda mrefu zaidi. Kwenye seva zinazotoa huduma imewashwa KFENCE, chombo chepesi cha kunasa makosa ya kumbukumbu, cha toleo la 5.12 la mwaka 2021, ambacho kwa kawaida huchukua sampuli ya ombi moja la kumbukumbu kila milisekunde 100 na kuhifadhi vitu 255 katika eneo la takriban mebibaiti 2. Kwenye mashine moja uwezekano wake wa kunasa kosa ni mdogo. Kwenye mashine nyingi zinazofanya kazi mfululizo hujilimbikiza.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kuunganisha zana mbili, ODEBUG ya kutambua wakati wa kosa na ftrace ya kueleza kilichotangulia. Hakuna kati yake iliyotosha peke yake. ODEBUG bila ftrace iliacha fumbo la del_timer_sync bila jibu, na ftrace bila kitu cha kuisimamisha kwa wakati ingezungusha bafa na kufuta ushahidi ndani ya sekunde moja kati ya kfree na taima kulia.

Kilichoshindwa zaidi ni mpangilio wa zana. Timu ilianza na zile ilizozizoea na kuzipanda moja baada ya nyingine kufuata uzito wake, ilhali ripoti za mwanzo kabisa tayari zilikuwa na dalili mbili za wazi: maanguko yasiyo na mahali maalumu, na moja kati yake ndani ya msimbo wa taima. Dalili hizo mbili kwa pamoja zinauliza swali la uhai wa vitu, na kwa swali la uhai kuna zana mahususi isiyohitaji hata mstari mmoja wa msimbo mpya. Kwa maoni yangu, hakuna sababu ya kuendesha jaribio la kwanza la kiendeshi chochote kwenye kerneli isiyo na DEBUG_OBJECTS na lockdep. Zana hizi zikisubiri hadi kuwe na maanguko, nusu ya thamani yake imepotea. Izingatiwe pia kwamba lockdep hutoa onyo moja kisha hujizima hadi seva iwashwe upya, kwa hiyo onyo la moduli nyingine wakati wa kuwasha, ambalo watu wengi hulipuuza kwa kuwa si lao, linamaanisha kwamba kiendeshi chao hakikaguliwi kabisa.

Baada ya kisa, baadhi waliuliza kwa nini KCSAN haikutumiwa. Isingesaidia. KCSAN, ya toleo la 5.8 la mwaka 2020, husaka prosesa mbili zinazogusa data ileile bila ulinzi. Hapa kila mguso wa taima ulilindwa na kufuli za kerneli. Kilichokosewa ni mpangilio wa matendo ambayo kila moja lilikuwa halali.

Kuhusu suluhisho lenyewe, bendera na kufuli ni sahihi, lakini ni msimbo ambao kila mtunzaji ajaye atalazimika kuuelewa upya. Kerneli ya 6.2, iliyotoka Februari 2023, ilileta timer_shutdown_sync kwa ajili ya mzunguko huu hasa: ikishaitwa, jaribio lolote la kutega taima hiyo hupuuzwa kimya, kwa hiyo kuifuatisha na cancel_work_sync kunatosha bila bendera yoyote. Timu ilipohamia kerneli mpya zaidi ilifuta bendera na kuitumia. Kulikuwa na njia nyepesi zaidi tangu mwanzo, nayo ni kutotumia taima kabisa bali kazi ya foleni yenye kucheleweshwa, kwani cancel_delayed_work_sync hushughulikia kazi inayojirudisha yenyewe kwenye foleni. Ukaguzi wa kila sekunde moja haukuhitaji usahihi wowote ambao foleni haiwezi kuutoa. Pendekezo hilo lilitolewa wakati wa marekebisho na kuahirishwa kwa sababu lingebadilisha mwenendo wa kiendeshi karibu na siku ya kutolewa, uamuzi ambao ni vigumu kuupinga; baada ya timer_shutdown_sync kupatikana, halikurudiwa tena. Chaguo la msleep bado limo kwenye msimbo, na jaribio la kila usiku hujenga kiendeshi mara mbili, mara moja likiwa limewashwa na mara moja likiwa limezimwa.